Kemia Sekondari Kigoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Walimu, Wanafunzi na Wazazi

Nafundisha kemia mkoani Kigoma. Kila mwaka naulizwa maswali yale yale: na wanafunzi wanaonisubiri nje ya ofisi ya walimu, na wazazi tunaokutana sokoni Mwandiga, na walimu wapya walioshuka kwenye basi na begi moja na barua ya ajira. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa. Mengi yanawahusu pia ndugu zetu wa Tabora, maana reli yetu ni moja na shida zetu hazipishani sana.

Niseme mapema jambo ninaloliona mwaka hadi mwaka. Watoto na walimu wa huku hawakosi fursa kwa kukosa akili. Wanazikosa kwa sababu tangazo lilifika siku zimeshapita, au kwa sababu karatasi moja haikuwepo. Ndiyo maana kila nilipoweza nimetaja karatasi inayotakiwa na wakati wake.

Shule yetu ya kata haina maabara iliyokamilika. Praktikali tutafanyaje?

Anzeni na duka la mangi na soko la karibu. Magadi ya kuivishia maharage ni kaboneti na baikaboneti ya sodiamu. Mrututu unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo ni salfeti ya shaba. Chokaa ya kupaka ukuta, ukiikoroga kwenye maji na kuiacha itulie usiku kucha, inakupa maji ya chokaa ya kupimia kaboni dayoksaidi. Betri za redio zilizokwisha zina fimbo ya kaboni katikati, na hiyo ni elektrodi tayari. Kuna shabu, siki, limao, spiriti, misumari, waya wa shaba. Na kuna choya, ile rozela tunayotengenezea juisi: maji yake ni mekundu kwenye asidi na hugeuka kijani kwenye alkali.

Nieleze somo moja kwa ukamilifu, kwa sababu ndilo lililonibadilisha. Nilikuwa na darasa la wanafunzi 62 na bureti tatu (mirija mirefu yenye mistari na koki ya kupimia majimaji), mbili zinavuja. Nikanunua mabomba ya sindano ya mililita 10 kwenye duka la dawa, bila sindano zenyewe, moja kwa kila wanafunzi wanne. Kabla ya kipindi niliyeyusha mwenyewe gramu 4 za kostiki soda, ambayo ni alkali kali, kwenye lita moja ya maji. Nikachukua siki ya dukani mililita 100 nikaiongezea maji hadi lita moja. Kila kundi likapima mililita 10 za siki hiyo kwenye glasi, likatia matone ya choya, glasi ikawa nyekundu. Kisha wakaanza kusukuma alkali kutoka kwenye bomba, taratibu, huku mmoja anatikisa glasi na mwingine anasoma mistari. Walipopita mililita 8 kelele zilikwisha darasani. Wekundu ulififia ukingoni, tone likaongezwa, tone jingine, na ghafla glasi nzima ikabadilika.

Wastani wa darasa ulikuwa mililita 8.8. Tukapiga hesabu ubaoni: molariti (moli za asidi kwa kila lita) ya siki iliyochanganywa na maji 0.088, siki halisi 0.88, gramu 52.8 kwa lita, yaani asilimia 5.3. Lebo ya chupa ilisema asilimia 5. Wanafunzi walitaka kuilaumu chupa. Ilituchukua kipindi kizima cha pili kutambua kwamba kostiki soda yangu ilikuwa imekaa kopo wazi, imevuta unyevu, kwa hiyo gramu 4 nilizopima hazikuwa gramu 4 za kostiki. Somo hilo la makosa ya upimaji nilikuwa nalisoma kutoka kitabuni miaka yote bila mtu kuinua kichwa. Siku ile walilibishania wenyewe mpaka kengele ikagonga.

Je, Baraza la Mitihani litakubali bomba la sindano badala ya bureti?

Hapana. Kwenye mtihani wa vitendo mwanafunzi atakuta bureti na pipeti, na atasoma mpaka nusu ya mstari. Bomba la sindano ni la kumfundisha titresheni, yaani kupima nguvu ya asidi kwa alkali, ni nini. Bureti ni ya kumzoesha mkono, na mkono hauzoei wiki mbili kabla ya Novemba. Kama mna bureti nne tu, ziwekeni zamu kuanzia kidato cha tatu, kila mwanafunzi aishike mwenyewe. Nimeona watoto wanaojua nadharia yote wakipoteza alama kwa sababu walikuwa wanasoma bureti kutoka chini kwenda juu.

Vifaa na kemikali vinalipiwa na nani? Tuombe wapi?

Njia ya kwanza ni bajeti ya shule yenyewe. Mkuu wa shule hawezi kutenga fedha kwa ajili ya "vifaa vya maabara" hewani. Mpelekee orodha yenye idadi, bei uliyouliza dukani, na mpangilio wa kipi kianze. Orodha ya ukurasa mmoja, iliyoandikwa Septemba kabla bajeti haijapangwa, ina nguvu kuliko malalamiko ya mwaka mzima kwenye kikao.

Kwa jambo kubwa kama jengo, kuna Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, inayosimamia Mfuko wa Elimu na imekuwa ikifadhili miundombinu ya shule zikiwemo maabara za sayansi. Andiko lipitie kwa mkurugenzi wa halmashauri. Upo pia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Huu huanzia chini: wananchi wanaibua mradi, unapita kwenye kata, unafika kwenye kamati ya jimbo. Maabara ambayo wazazi wamekwisha kuipandisha boma ina hoja nzuri sana mbele ya kamati hiyo. Mradi wa SEQUIP wa kuboresha elimu ya sekondari nao umejenga shule mpya kwenye kata nyingi.

Usidharau jirani. Shule mbili zilizo kilomita chache kutoka kwa nyingine zinaweza kuazimana mizani kwa barua ya mkuu mmoja kwenda kwa mwingine. Sisi tumefanya hivyo misimu mitatu, na hakuna kilichovunjika isipokuwa pipeti moja tuliyoilipa.

Niko peke yangu, nafundisha kemia kidato cha kwanza hadi cha nne. Nani atanisaidia?

Mwalimu mwenzangu, pole kwanza. Najua maana ya kubeba vipindi vyote hivyo na bado ukaulizwa kwa nini wastani umeshuka.

Utaratibu rasmi upo, unaitwa MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka mafunzo yake kwenye mfumo wa mtandaoni ambao mwalimu anajisajili na kusoma kwa wakati wake. Unahimiza walimu kukutana shuleni na kwenye vituo vya walimu ili wajadili somo gumu. Tatizo ni kwamba shuleni kwako huna mwalimu mwingine wa kemia wa kukutana naye. Kwa hiyo tafuta wawili watatu wa shule za jirani, mwombe afisa elimu kata awatambue kama kundi, mkutane hata mara moja kwa muhula. Sisi tulianza watatu chini ya mwembe, mada ilikuwa moli, kipimo cha kuhesabia chembe. Kila mmoja alieleza anavyoifundisha, na nikagundua kwamba kwa miaka tisa nilikuwa nairuka hatua moja ambayo mwenzangu anaifundisha kwa kutumia trei ya mayai.

Jambo la pili: tunacho Chuo cha Ualimu Kasulu, kinachoandaa walimu wa sayansi. Walimu tarajali wanatoka kwenda mafunzo kwa vitendo. Mkuu wa shule aandike barua mapema kuomba wa kemia. Wiki hizo chache anazokaa nawe mtarajali zinakupa nafasi ya kufanya praktikali ulizoziahirisha.

La tatu, usahihishaji wa mitihani ya Taifa. Ukipata nafasi ya kuitwa, nenda. Posho inasaidia, lakini faida kubwa ni kukaa na mamia ya majibu ya swali moja na kuona taifa zima linakosea wapi.

Vitabu na mitihani iliyopita tunapata wapi bila kulipa?

Tovuti ya Baraza la Mitihani ina mitihani ya miaka iliyopita, na ina kitu bora zaidi ambacho walimu wengi hawakifungui: taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, mwaka kwa mwaka. Humo utaona swali, sehemu ya waliolipata, waliolikosa walikosea nini, na picha za majibu halisi ya watahiniwa, mazuri na mabaya. Msomee mwanafunzi jibu baya la mwenzake asiyemjua na umwulize alipokosea. Hakuna kitabu cha mazoezi kinachofanya kazi hiyo.

Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao ambako vitabu vya kiada husomwa bure. Angalieni tu ni vya mtaala upi, kwa sababu mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika 2024 na bado kuna madarasa yanayomalizia ule wa zamani.

Kwa majaribio yasiyowezekana shuleni, Chuo Kikuu cha Colorado Boulder cha Marekani kina mradi unaoitwa PhET, wenye maigizo ya kompyuta ya bure: atomu, kusawazisha milinganyo, pH, gesi. Baadhi yamefasiriwa kwa Kiswahili, na yanaweza kupakuliwa yakatumika bila intaneti. Bando ni ghali, najua. Mwalimu mmoja apakue siku akiwa mjini, aweke kwenye flashi, igawanywe shule zote za kata.

Mtoto anaelewa nikieleza kwa Kiswahili, lakini mtihani ni wa Kiingereza. Nifanyeje?

Mweleze kwa Kiswahili mpaka aelewe, kisha mpe Kiingereza cha kuandikia. Kwa mtoto wa Buhigwe au Kakonko aliyelelewa kwa Kiha, hiyo ni lugha ya tatu, na kumfundisha lugha ya tatu na dhana mpya kwa pumzi moja ni kumpoteza kwenye yote mawili. Wanafunzi wangu wana daftari dogo la safu tatu: neno la mtihani, maana yake kwa Kiswahili, na mahali alipokiona kitu hicho kwa macho. Kwenye mashapo mmoja aliandika "yanayobaki chini ya ndoo ya maji ya mto wakati wa masika". Neno hilo hakulisahau tena.

Ni mashindano gani mwanafunzi wa kemia anaweza kushiriki?

Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa 2011, hukusanya miradi ya utafiti ya wanafunzi wa sekondari kutoka mikoa yote, na waliochaguliwa huenda kuionyesha Dar es Salaam wakiwa na mwalimu mlezi. Wapo washindi waliopata ufadhili wa chuo kikuu kupitia hapo. MAKISATU, Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yalianza 2019 na yana kundi la shule za sekondari. Hayo hutangazwa na Wizara ya Elimu pamoja na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali nayo imekuwa ikiwatunuku wanaofanya vizuri kemia kidato cha nne.

Swali linalofuata huwa ni "mradi tuutoe wapi?", na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mkoa huu umejaa kemia.

Uvinza kuna chemchemi za maji ya chumvi, karibu na pale Mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi. Watu wamechemsha maji hayo na kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na misafara ya zamani ilipita kuinunua. Mwanafunzi anaweza kupima: lita moja inatoa gramu ngapi, fuwele zinazoundwa taratibu juani zinatofautianaje na zile za motoni, chumvi inayouzwa soko la kijijini ina madini joto au haina.

Ziwa Tanganyika lenyewe ni alkali, pH yake (kipimo cha asidi na alkali, 7 ikiwa katikati) inakaribia 9. Weka tone moja la maji ya choya kwenye glasi ya maji ya ziwa na tone moja kwenye maji ya mvua, uone rangi. Liwe tone moja tu, kwa sababu choya yenyewe ina asidi na ukizidisha utalivuruga jibu.

Halafu mawese. Kilo moja ya mawese inahitaji takriban gramu 140 za kostiki soda ili yote iwe sabuni. Watengenezaji wengi wa sabuni majumbani wanakisia kwa macho, ndiyo maana kuna sabuni inayochubua mikono na kuna inayobaki na mafuta. Mwanafunzi anayepima uzito, anayejua kwa nini ni 140 na si 200, anaweza kwenda kwa mama anayepika sabuni Ujiji akamsaidia wiki hiyo hiyo. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi hapa mkoani na hufundisha utengenezaji wa sabuni. Waombeni wawatembelee. Bibi zetu walitumia majivu ya maganda ya ndizi badala ya kostiki. Hayo yana kaboneti ya potasiamu, na kuyapima nguvu ni mradi mwingine kamili.

Majaji wanaona roketi za chupa kila mwaka. Mradi unaojibu swali la kijiji chako unaonekana mara moja.

Tunaweza kuwapeleka wanafunzi wapi kwa ziara ya kemia?

Mamlaka ya maji, KUWASA kwa hapa na TUWASA kwa Tabora, waone maji yanavyosafishwa na kutiwa klorini. TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo, kwa michikichi. Kituo cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, kwa utafiti wa ziwa. Uvinza kwa chumvi. Barua ya mkuu wa shule mwezi mmoja kabla, yenye idadi ya wanafunzi na maswali matatu mnayotaka kujibiwa. Hayo maswali matatu ndiyo yanayomfanya mwenyeji akutafutie mtaalamu badala ya kukutembeza uani tu.

Shikamoo mwalimu. Nimepata D ya kemia kidato cha nne. Ndoto yangu imekufa?

Marahaba mwanangu. Haijafa. Kidato cha tano kwa tahasusi ya sayansi huangalia sana ufaulu wa masomo ya tahasusi yenyewe, kwa hiyo kwa D mlango wa tahasusi zenye kemia, kama PCB, PCM au CBG, utakuwa mgumu. Lakini D ni ufaulu, ni alama 30 hadi 44, na kozi nyingi za vyuo vya kati vya afya, kama tabibu, famasia na maabara ya tiba, zinataka ufaulu kwenye kemia na baiolojia, si lazima C. Soma kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, cha mwaka huo, ukurasa wa kozi yenyewe, usitegemee aliyoyasikia jirani. Wapo pia waliorudia somo moja kama watahiniwa wa kujitegemea wakapata C wakaendelea. Na Tabora kuna Chuo cha Nyuki, ambacho kijana wa mkoa wenye misitu ya miombo asikipite bila kukiuliza.

Tahasusi niliyojaza shuleni naweza kuibadilisha?

Ndiyo, matokeo yakishatoka TAMISEMI hufungua mfumo wa Selform kwa muda, mwanafunzi anarekebisha machaguo yake. Dirisha huwa fupi. Tahasusi ziliongezwa mwaka 2024, kwa hiyo usichague kwa orodha ya kaka yako. Tunza namba yako ya mtihani na majibu ya maswali ya usalama uliyojaza. Kila mwaka kuna anayeyasahau na kuzunguka mjini siku nzima.

Ufadhili na mikopo ya chuo: nini kinahitajika, na lini?

Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni Samia Scholarship, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa wahitimu wa kidato cha sita wenye ufaulu wa juu kabisa kwenye tahasusi za sayansi wanaokwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Ya pili ni mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na tangu 2023/2024 mikopo imefika hadi kwa baadhi ya kozi za stashahada. Maombi yote mawili hufanyika mtandaoni, kwa kawaida katikati ya mwaka, jirani na matokeo ya kidato cha sita.

Sasa karatasi, na hapa nawasihi wazazi. Cheti cha kuzaliwa, kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Namba ya NIDA ya mdhamini. Sahihi na mhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, na wa wakili au hakimu.

Nilikuwa na mwanafunzi, yatima wa baba, mmoja wa vichwa bora niliowahi kufundisha. Alikuwa na kadi ya kliniki tu, iliyochakaa, jina limeandikwa kwa herufi moja tofauti na la shuleni. Tulianza kufuatilia cheti matokeo yalipotoka. Ofisi moja ilitutuma nyingine, tukaambiwa turudi wiki ijayo, mara mtandao hakuna, mara mwenye saini amesafiri. Dirisha lilifungwa tukiwa kwenye benchi la kusubiria, bahasha mkononi. Alikaa nyumbani mwaka mzima akiuza dagaa na mama yake kabla ya kuomba tena. Sasa anasoma, namshukuru Mungu, lakini mwaka ule hakuna wa kumrudishia. Tangu hapo wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wananiletea nakala ya cheti cha kuzaliwa muhula wa kwanza, na tunalinganisha herufi kwa herufi na jina la usajili wa mtihani. Asiyekuwa nacho, namwita mzazi wiki hiyo.

Kuna nafasi maalumu kwa wasichana?

Zipo. Kupitia SEQUIP kila mkoa umepangiwa shule ya bweni ya wasichana yenye mkazo wa sayansi. Tabora Wasichana imekuwa ikipokea mabinti tangu 1928. Na tangu Novemba 2021 binti aliyekatisha masomo kwa kujifungua anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi. Wazazi bado wananiambia hawajui, kwa hiyo nalirudia hili kila ninapopata nafasi.

Lipo na jambo dogo lisilo na gharama. IUPAC, umoja wa kimataifa wa kemia, kila Februari huandaa kifungua kinywa cha wanawake wa sayansi duniani kote siku moja, na shule yoyote inaweza kujisajili kuandaa cha kwake. Chai, mihogo, na muuguzi, mfamasia au fundi sanifu maabara wa kike kutoka hospitali ya jirani aje aketi na wasichana. Mabinti wengi huku hawajawahi kuongea na mwanamke anayeishi kwa kemia. Mwaliko ni barua moja tu.

Mwalimu mwenye stashahada anawezaje kujiendeleza bila kupoteza kazi?

Uwe umethibitishwa kazini, kisha andika barua kwa mkurugenzi kupitia mkuu wa shule ili uingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, kabla ya kuomba chuo. Wengi wanageuza utaratibu huu, wanapata chuo kwanza halafu ruhusa inakosekana. Chuo Kikuu Huria kina vituo Kigoma na Tabora kwa anayetaka kusoma akiendelea kufundisha. Na mwenye shahada ya kemia isiyo ya ualimu anayetaka kufundisha, anahitaji stashahada ya uzamili ya elimu. Ajira mpya hutangazwa kupitia Ajira Portal, basi wasifu wako uwe kamili humo wakati wote.

Nimlipie mwanangu twisheni ya kemia?

Mama, kabla ya kulipa, fungua daftari lake la praktikali. Kama ni jeupe, fedha hiyo tukae na mwalimu wake tuone namna ya kununua bureti.

Usalama: tunafanya kemia kwenye chumba cha darasa. Tuzingatie nini?

Asidi kali inatiwa kwenye maji, kidogo kidogo, huku unakoroga. Maji hayatiwi kwenye asidi kali kamwe, yatachemka na kurukia usoni. Kostiki soda hivyo hivyo: tia kostiki kwenye maji, na maji yawe ya baridi. Myeyusho mkali autengeneze mwalimu peke yake, wanafunzi wapewe uliokwisha kupunguzwa nguvu. Ndoo ya maji safi na ya mchanga ziwepo mlangoni. Mtoto akirukiwa machoni, maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, bila kusubiri ruhusa ya mtu, kisha kituo cha afya. Usitumie chupa ya soda au ya maji ya kunywa kuhifadhi kemikali, hata kwa saa moja, hata ukiandika lebo. Kuna mtoto wa mpishi atakayekuja na kiu. Na msichukue maji ya betri za gari kama asidi ya kuchezea: ile ni asidi ya salfuriki, inatoboa sare na inatoboa ngozi.

Maji ya choya hukaa siku ngapi?

Siku mbili au tatu, kisha yanavunda na kufanya ukungu. Hifadhi choya kavu kwenye kopo lenye mfuniko na uchemshe ya kutosha kipindi kimoja. Au loweka vipande vya karatasi nyeupe isiyo na mistari, vikauke kivulini, vitie kwenye bahasha. Vyangu vya Juni bado vilikuwa vinabadilika rangi mwezi Oktoba.